Kola Hazipimwi

Mama mkubwa wangu hajawahi kutundika nguo mlangoni. Mafundi wengine wote wa mtaa wetu wamepiga misumari nje, na kwenye misumari hiyo magauni na mashati yanapepea kutwa nzima yakimsubiri mtu yeyote mwenye kimo chochote. Kwetu kuna mlango mtupu na kiti. Mteja anakaa kwenye kiti, anaitwa, anasimama, anapimwa. Hata kama alishonewa mwezi uliopita anapimwa tena, kwa sababu mwili wa binadamu, anasema mama mkubwa, si ukuta. Nguo isiyopimwa kwake ni sawa na ya kuazima, na ya kuazima wote tunajua haisitiri nini. Futi yake haimtoki shingoni. Aliwahi kwenda nayo msibani kwa kusahau. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Futi, na mimi mwenyewe nikiwa mbali naye namwita hivyo hivyo.

Kazi yangu ni kupiga pasi na kugawa. Karakana yetu ina chumba cha mbele, ambamo Mama Futi anapima na kukata, na chumba cha nyuma chenye cherehani sita. Mimi nasimama katikati, kwenye uwazi wa mlango, penye meza ya pasi. Fundi wa nyuma akiita kola, natoa kola kwenye rundo na kumrushia. Akiita mfuko, namrushia mfuko. Akiita mkono, hapo inabidi asubiri, maana mkono wa mtu mmoja haumfai mwingine, na lazima Mama Futi aukate kwanza.

Kazi hiyo inanifaa kwa sababu haitaki maneno. Shule niliiacha darasa la tano mama yangu alipougua, lakini hata nilipokuwepo, jibu nililolijua lilikuwa linakwama kooni kama mwiba wa samaki. Mteja akiniuliza nguo yake itakuwa tayari lini, mimi hukohoa na kumtazama Mama Futi. Mzee Kifungo, anayetoboa na kushona matundu ya vifungo kwenye kona ya nyuma, husema mimi ni kama pasi yangu: moto wote uko ndani.

Kinachotulisha wote mle ndani ni sare za shule kubwa iliyo juu ya mtaa. Harusi na sherehe huja na kupita, lakini sare ndizo zinazozifanya cherehani sita zizunguke mwaka mzima. Kila muhula wazazi walikuwa wanajazana mlangoni kwetu na watoto wao mpaka barabara inaziba. Mwaka huu mwalimu mkuu, mama mpole asiyepandisha sauti, akaomba tuwe na tovuti. Mzazi afungue kwa simu, aone sare ya darasa la mwanawe, aagize, kisha achague siku na saa ya kumleta kupimwa. Mama Futi alikubali kwa sababu ya neno hilo la mwisho.

Tovuti aliitengeneza Waya. Waya ni mtoto wa Mama Futi, kwa hiyo ni kaka yangu. Jina hilo alilipata utotoni kwa sababu ya vitu vilivyokuwa vinamtoboa mifuko ya kaptula. Alitaka kukodi nafasi kwenye mashine za kampuni fulani ya mbali, lakini mama yake akasema kitu asichokiona hakilipii. Basi Waya akafufua kompyuta ya zamani, akaiunganisha na mtandao, akaiweka chini ya meza yangu ya pasi. Tangu siku hiyo nikawa nafanya kazi huku feni yake inanipuliza miguuni.

Siku alipoifunga alitueleza inavyofanya kazi. Simu ya mteja inabisha hodi kwenye kompyuta ile. Ndani kuna programu inayoitwa seva, na kazi yake ni kupokea wageni. Mgeni anataja anachotaka, na seva ina njia mbili za kumpa. Kama kitu kimeshatengenezwa na kuwekwa, iwe picha au ukurasa, seva inakichukua kilivyo na kumkabidhi, basi. Kama hakipo tayari, inamwita fundi wa ndani, ambaye ni programu nyingine. Fundi huyo anakwenda kwenye hifadhidata, anatafuta taarifa, anakata, anaunganisha, na ukurasa mpya unatoka kwa ajili ya mgeni yule mmoja. Njia ya kwanza ni nyepesi, ya pili ni nzito, na tovuti nzuri, alisema Waya, hutumia zote mbili.

Mama Futi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza mwanawe kama anataka kumtundikia nguo mlangoni.

Waya alijaribu kujieleza, lakini ukimjua mama yake unajua kwamba kujieleza kwake ni kujifunga kamba zaidi. Mama Futi alitaka kila mgeni atengenezewe ukurasa wake. Asalimiwe kwa saa aliyofika, asubuhi au mchana, na kama tunamfahamu atajwe kwa jina. Picha nazo zisiwe za kubahatisha. Kila simu ipimwe upana wa kioo chake, na picha ikatwe upya iitoshe. Waya akafanya alivyoagizwa. Hata ramani ya kufika dukani, ambayo ni ileile kwa kila mtu, ilichorwa upya kwa kila aliyeiomba. Kila asubuhi kabla ya kushika mkasi Mama Futi alifungua tovuti kwenye simu yake. Ilimwandikia, "Habari za asubuhi, mama," naye akaijibu kwa sauti, "Nzuri." Sote tuliona ni jambo zuri, tusiseme uongo.

Jumatatu shule ikatangaza majaribio, kwa wazazi wa madarasa ya chini tu.

Feni ilianza taratibu, kisha ikapanda, kisha ikawa inanguruma kiasi kwamba Mzee Kifungo alitoka kwenye kona yake na sindano mdomoni. Akauliza kama mashine inataka kuruka au kutaga. Waya alipiga magoti chini ya meza yangu. Kwenye skrini mistari ilikuwa imepanga foleni, kila mstari ni simu ya mtu inayosubiri, na foleni haikusogea. Wazazi waliona ukurasa mweupe. Wakafungua tena, na kila aliyefungua tena aliongeza mstari mwingine kwenye foleni. Kufika mchana walikuwa wamechoka na simu wakaja wenyewe, na barabara ikaziba kama zamani, safari hii na hasira juu yake.

Mwalimu mkuu alipiga simu, na kwa kuwa Mama Futi huweka simu zote kwenye spika, tulisikia sote. Hakugomba. Alisema anaipenda kazi yetu na watoto wanapendeza. Lakini Jumamosi asubuhi itakuwa zamu ya shule nzima, na duka kubwa la nguo za tayari limeshamfuata ofisini na tovuti yao. Wazazi wakikwama tena Jumamosi, sare atawapa wao. Mama Futi akamshukuru, akakata simu, akaenda kukaa kwenye kiti cha wateja. Sikuwahi kumwona akikikalia.

Waya alihangaika siku nzima iliyofuata. Aliongeza kumbukumbu kwenye kompyuta, akaifungua ubavu ipate hewa, akaazima feni ya mezani kwa kinyozi. Alipoijaribu kwa kuifanya ipokee wageni wa uongo wengi kwa mpigo, ilizama palepale ilipozama Jumatatu.

Mimi nilikuwa natazama ile skrini, kwa kuwa iko jirani na pasi yangu na hainiulizi swali. Waya alikuwa amenifundisha kuisoma. Mistari ya Jumatatu ilikuwa bado imo, nikaipitia huku nakunja mashati. Ramani. Picha ya sweta. Jedwali la sare za kila darasa. Ramani. Nembo ya shule. Picha ya sweta. Ramani. Vyote vilikuwa vimepelekwa kwa fundi wa ndani, vikakatwa upya, vikatoka sawasawa na vilivyotangulia. Mara moja moja sana ndipo ulipita mstari wa mzazi anayeweka oda au anayeuliza nafasi zilizobaki za kupimwa. Nao ulikuwa umekwama nyuma ya ramani.

Nikamwambia Waya kwa sauti ndogo. Akasema anajua. Alijua tangu siku ya kwanza.

"Sasa nani atamwambia?" aliniuliza. "Mimi yule amenizaa, namjua."

Tulitazama chumba cha mbele. Waya akapendekeza tubadilishe kimyakimya. Nikamkumbusha kwamba kesho yake asubuhi Mama Futi angefungua simu yake na kukosa salamu, na hapo tungetafuta pa kuhamia. Waya akarudi chini ya meza. Pale ndipo nilipoelewa kwamba sare za shule zitaondoka kwa sababu watu wazima wawili wanamwogopa mwanamke mmoja mwenye futi.

Siku iliyofuata Mama Futi alikuwa anakata kola. Anazikata hivi: anakunja kitambaa tabaka juu ya tabaka mpaka kinakuwa kinene kama godoro la mtoto, anaweka juu yake kipande cha boksi chenye umbo la kola, anachora kwa chaki, kisha anaingiza mkasi mkubwa na kutoa rundo zima kwa mzunguko mmoja. Ana maboksi matatu, dogo, la kati na kubwa. Akanipa rundo la ndogo nikaliweke mahali pake. Nikalishika, nisiende.

"Kohoa basi umalize," akasema bila kuinua macho.

"Mama, kola hupimi."

Mkasi ukasimama. Nyuma cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine, kama vyura wakisikia nyayo.

"Umesema?"

Nilikuwa nimeshaanza, na kurudi nyuma kulikuwa kugumu kuliko kwenda mbele. Nikamwambia kwamba mtu akija anampima kifua, mkono na kiuno, na hapo hakosei. Lakini kola anachukua kwenye rundo. Mfuko anachukua kwenye rundo. Nembo ya kifuani ni ileile kwa mtoto wa darasa la kwanza na wa darasa la mwisho. Na hakuna mteja aliyewahi kulalamika kwamba ameazimishwa kola.

"Kola ni kola," akasema Mama Futi. "Nikianza kukata kola moja moja kwa kila mtoto tutamaliza lini?"

Feni ilikuwa inapuliza miguu yangu.

"Ndivyo inavyofanya ile mashine, mama," nikasema. "Inakata kola moja moja."

Aliweka mkasi mezani. Alinitazama mimi, kisha akatazama chini ya meza ya pasi, ambako viatu vya mwanawe vilikuwa vimechomoza.

"Toka huko," akasema.

Waya akatoka na vumbi kichwani.

"Ramani ni kola?"

"Kola, mama."

"Picha ya sweta?"

"Kola. Tutaikata saizi tatu, simu itachukua inayoitosha."

"Nafasi za kupimwa?"

"Hizo ni mkono. Kila dakika zinabadilika, lazima zikatwe palepale."

Mama Futi alifikiri. Futi ilipanda na kushuka kifuani mwake. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sikuizoea, kuhusu salamu. Waya akanitazama. Nikasema salamu ni mkono pia, haiwezi kutoka kwenye rundo, kwa sababu ni ya mtu. Lakini mtu anayepita tu mlangoni kuchungulia hatumsimamishi tukampima. Tunampima aliyeingia.

"Basi asalimiwe anayeleta oda," akaamua. "Wachunguliaji watasalimiwa siku wakiingia." Akamgeukia Waya. "Na wewe, ulishindwa nini kuniambia?"

"Ulinikataza, mama."

"Nilikukataza nguo. Sikukukataza kola."

Kutoka kwenye kona yake Mzee Kifungo alicheka mpaka akajichoma kidole.

Tulikata mpaka Ijumaa. Waya aliandika kurasa za kawaida, moja ya kila darasa, zilizokamilika na zisizohitaji kuulizwa chochote. Mimi nikazitoa picha zote kwa saizi tatu na kuzipanga kwenye folda kama ninavyopanga mafungu yangu, kila kitu mahali ambapo mkono unakifikia bila macho. Kisha Waya akaielekeza seva. Mgeni akiomba ramani, picha, nembo au ukurasa wa darasa, mpe kwenye rundo na usimsumbue fundi. Akileta oda, akiuliza nafasi au nguo yake imefikia wapi, huyo mpeleke ndani. Nilimtazama anavyoandika maelekezo yale nikaona kazi yangu mwenyewe imeandikwa kwenye skrini. Sikuwa nimejua kwamba ina jina: seva.

Mama Futi alikagua kila ukurasa kama anavyokagua mshono, simu karibu na pua. Picha moja ya soksi aliirudisha kwa sababu kidole kimoja kilikuwa kimekatwa ukingoni. Akauliza shule ikibadilisha nembo itakuwaje, maana rundo likikaa linapitwa na wakati. Alipagusa penyewe, huo ndio ubaya wa kitu cha tayari. Waya akamwambia tunakata upya mara moja tu, tunaweka mahali pa ile ya zamani, na kila anayekuja baada ya hapo anapata mpya. Simu nazo tumeziambia zisikae na nakala zao za zamani kwa muda mrefu. Mama Futi akasema hilo amelielewa, yeye mwenyewe hutupa boksi la zamani ili fundi asije akakosea.

Jumamosi asubuhi hakuna aliyeshona. Tulikaa tumezunguka meza ya pasi kama watu wanaosubiri mtoto azaliwe chumba cha pili. Shule ikatuma ujumbe kwa wazazi wote kwa pamoja, na mstari wa kwanza ukapita kwenye skrini. Ukafuata mwingine. Kisha mistari ikaanza kumiminika, kwa kasi ambayo macho hayawezi kuisoma, yangu wala ya Waya.

Feni haikupanda.

Mzee Kifungo aliinama akatega sikio. "Imekufa?"

"Haijafa," akasema Waya. "Inagawa tu."

Na kweli ilikuwa inagawa. Ramani, sweta, nembo, jedwali, vilitoka kwenye rundo na kwenda, mgeni akiwa hajamaliza kubisha. Huku nyuma fundi wa ndani, ambaye sasa hakuwa na kazi ya kuchora ramani, alipokea oda moja baada ya nyingine. Aliangalia nafasi zilizobaki, akampa mzazi siku yake na saa yake, akamsalimia kwa jina. Oda ziliongezeka kwenye skrini kama nyuzi zinavyojaa kwenye bobini. Mama Futi alisimama nyuma yangu, mkono mmoja begani kwangu, akisoma majina ya wazazi na kuniambia huyu ana mapacha, huyu mwanawe ana mabega ya baba yake.

Kisha simu ya karakana ikaanza kulia. Mzazi aliuliza soksi za madarasa ya juu ni nyeupe au kijivu. Mama Futi akamjibu kijivu. Ikalia tena, soksi. Ikalia tena, soksi. Ukurasa wetu ulionyesha soksi kwenye picha, lakini picha iliyopigwa juani haikuonyesha rangi yake vizuri, na tulisahau kuandika. Waya alikuwa anaangalia hifadhidata na hakutaka kuiacha hata kwa kupepesa jicho. Nikavuta kibodi. Nikaandika kwenye kurasa za madarasa ya juu: soksi ni za kijivu. Nikaziweka mahali pa zile za zamani, zikawa zimekwenda.

Simu ililia mara moja zaidi. Alikuwa mzazi aliyefungua ukurasa kabla ya hapo. Baada yake, kimya, kama mtu amefunga bomba.

Mama Futi aliitazama simu, akanitazama. "Umekata mara moja," akasema, "wamevaa wote."

Jua lilikuwa halijafika katikati mwalimu mkuu alipopiga. Spika ikawashwa. Sauti yake ilikuwa ileile ya upole, lakini ilikuwa na kicheko ndani. Alisema hakuna mzazi hata mmoja aliyempigia kulalamika, na kwamba yeye mwenyewe amefungua mara kadhaa kwa ajili ya kufurahia tu. Duka kubwa ameshawajibu. Sare ni zetu, za muhula huu na za mwaka ujao. Kisha akauliza nani aliyerekebisha mambo. Mama Futi, ambaye maisha yangu yote amenijibia maswali yangu, akaniwekea simu mbele ya mdomo na kusema, "Mjibu."

Nilihisi mwiba ule unapanda. Nikaumeza.

"Ni sisi wote, mwalimu," nikasema. "Tulikuwa tunakata kola moja moja. Sasa tunakata rundo."

Sidhani kama mwalimu mkuu alielewa. Lakini nyuma yangu cherehani zote sita ziliungurumishwa kwa pamoja bila kitambaa, na Mzee Kifungo alipiga mkasi wake kwenye meza kama ngoma. Waya alimbeba mama yake juujuu na kumzungusha, futi ikipepea, huku Mama Futi akimwambia amshushe kabla hajamchapa.

Jumatatu nilimkuta nje na nyundo, anapiga msumari kwenye mwimo wa mlango. Mafundi wa jirani walikuwa wametoka kutazama, maana mtaa mzima unajua msimamo wake. Akapiga wa pili na wa tatu. Kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa kola tatu nyeupe zilizopigwa pasi, ndogo, ya kati na kubwa, akazitundika. Akarudi hatua moja kuzitazama, akaridhika, akaingia ndani bila kumweleza mtu.

Mwanamume mmoja aliyekuwa anapita akasimama. Akazigusa kwa kidole, akaniona mimi kwenye uwazi wa mlango na pasi mkononi, akauliza kama zinauzwa.

Mama Futi alikuwepo mezani kwake, lakini sikumtazama.

"Haziuzwi," nikamwambia. "Kaa hapo kwenye kiti, upimwe."